Faibromialjia na Mazoezi ya Majini: Si Lazima Kusubiri Bwawa la Hospitali

Katika kliniki nyingi za wagonjwa wa nje huwa kuna faili ambalo wahudumu hulitambua kwa unene wake kabla ya kusoma jina lililoandikwa juu yake. Mwenye faili hilo aghalabu ni mwanamke wa umri wa kati. Hulalamikia maumivu ya mwili mzima: shingo, mabega, mgongo, nyonga, mapaja, siku nyingine hata kanga ikimgusa begani huona inamuumiza. Usiku halali vyema, na akilala huamka amechoka kama mtu aliyekesha akitwanga. Huingia chumbani akasahau alichokifuata. Amekwisha kupimwa malaria mara nyingi, ameambiwa ana taifodi, kisha taifodi sugu, kisha maambukizi ya njia ya mkojo. Amepigwa picha za mgongo na kuchomwa sindano za diklofenaki zisizohesabika. Mwishowe huambiwa na daktari mwenye foleni ndefu mlangoni, "Mama, vipimo vyako vyote viko sawa, huna ugonjwa." Naye hurudi nyumbani na maumivu yale yale, na juu yake aibu ya kudhaniwa mwongo au mvivu. Huko nyumbani nako huenda mawifi wamekwisha kutoa hukumu yao.

Si kila mwanamke wa namna hiyo ana faibromialjia. Hata hivyo ugonjwa huo haupaswi kukosekana katika orodha ya yanayofikiriwa, na mara nyingi haumo. Ni ugonjwa wa maumivu yaliyoenea mwilini kwa miezi 3 au zaidi, yakiandamana na uchovu, usingizi usioburudisha na ugumu wa kukumbuka. Tafiti za nchi mbalimbali hukadiria kwamba huwapata watu 2 hadi 4 katika kila 100, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume. Hauui, haupindishi vidole, wala hauli mifupa. Huenda ndiyo sababu umepuuzwa: hauachi alama ambayo daktari anaweza kumwonesha mwenzake.

Kuutambua hakuhitaji mashine. Mwaka 1990 Chuo cha Rumatolojia cha Marekani kiliweka vigezo vilivyomtaka daktari abonyeze sehemu 18 za mwili kwa nguvu ya takribani kilo 4, na mgonjwa aumie katika sehemu 11 au zaidi. Kazi hiyo ilihitaji kidole chenye uzoefu, na wengi waliifanya vibaya au hawakuifanya kabisa. Vigezo vya mwaka 2010, vilivyorekebishwa mwaka 2016, viliacha kubonyeza na kurudi kwenye kusikiliza. Mgonjwa huulizwa ni sehemu zipi kati ya 19 zilizomuuma katika wiki iliyopita, kisha ukali wa uchovu wake, wa usingizi usioburudisha, na wa ugumu wa kufikiri na kukumbuka. Tabibu wa kituo cha afya anaweza kuifanya hesabu hiyo kwa kalamu na karatasi katika dakika chache. Vipimo vya damu vinavyofuata si vya kuthibitisha faibromialjia, bali vya kutafuta kama kuna jingine: upungufu wa damu, ulegevu wa tezi ya shingo, baridi yabisi, lupasi, maambukizi ya VVU. Hata jingine likipatikana, faibromialjia haifutiki kwa hilo. Mwanamke mwenye baridi yabisi anaweza kuwa na yote mawili.

Kwa nini basi misuli na viungo vyake vikipimwa huonekana vizima? Kwa sababu hitilafu kubwa iko katika namna uti wa mgongo na ubongo unavyozipokea taarifa zinazoletwa na mishipa ya fahamu. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani waliwabonyeza kidole gumba wagonjwa wa faibromialjia na watu wazima wa afya huku wakizipiga picha bongo zao. Wenye ugonjwa walihisi maumivu ya kiwango kile kile kwa takribani nusu tu ya nguvu iliyotumika kwa wenzao, na picha zilionesha ubongo ukiitikia kama vile umebonyezwa kwa nguvu yote. Mfano ulio karibu ni kipaza sauti kilichofunguliwa mno. Anayesema ananong'ona tu, ila mtaa mzima unasikia kelele. Fundi akifungua kipaza sauti hicho ataona kila waya uko mahali pake. Vivyo hivyo picha ya mgongo haiwezi kuonesha kelele, na mwenye kuisikia hasemi uongo.

Jambo hilo likieleweka, inaeleweka pia kwa nini dawa zinazopendwa mno hospitalini hazifai hapa. Mapendekezo ya Muungano wa Ulaya wa Vyama vya Rumatolojia, yaliyohuishwa mwaka 2016, hayaungi mkono diklofenaki na jamaa zake, wala steroidi, wala dawa kali za jamii ya mofini. Amitriptilini ya kiwango kidogo wakati wa kulala huwasaidia baadhi ya wagonjwa, hasa usingizini, na bei yake si kubwa. Lakini katika orodha nzima ya tiba zilizopimwa, ni moja tu iliyopewa pendekezo lenye nguvu, nayo ni mazoezi ya mwili.

Hapa ndipo ugumu unapoanzia. Kumwambia mtu anayeumia mwili mzima kwamba dawa yake ni mazoezi ni neno rahisi kwa msemaji na zito kwa msikilizaji. Mara nyingi husemwa daktari akiwa amekwisha kumgeukia mgonjwa anayefuata: "Ujitahidi mazoezi, mama." Mama hujitahidi. Kesho yake hutembea saa nzima kutoka kwake hadi sokoni na kurudi, na keshokutwa hawezi kuinuka kitandani. Hapo hufikia uamuzi ambao mtu yeyote mwenye akili timamu angeufikia, kwamba mazoezi yanamdhuru. Akirudi kliniki, huandikiwa kuwa hafuati ushauri. Ukweli ni kwamba hakupewa ushauri. Hakuna mfamasia anayekubali cheti kisemacho "dawa" bila jina, kiasi, wala siku, lakini neno "mazoezi" hutolewa hivyo hivyo kila siku na watu waliosoma miaka mingi.

Maji yana nafasi yake katika tiba hii kwa sababu yanaupunguza ugumu huo wa mwanzo. Mwanamke akisimama katika maji yanayofika kiunoni, miguu yake hubeba takribani nusu ya uzito wake. Yakifika kifuani, hubeba chini ya theluthi. Yakifika shingoni, hubeba kama sehemu moja ya kumi. Goti na nyonga ambazo nchi kavu hulalamika kwa hatua kumi, ndani ya maji hukubali hatua mia. Kadhalika maji humpa kila mtu mzigo wa kadiri yake: mkono ukisukumwa polepole, maji hupisha, ukisukumwa kwa kasi, hukaza. Kasi ikiongezwa mara 2, ukinzani huongezeka takribani mara 4. Kwa hiyo mgonjwa mwenyewe, bila chuma wala mashine, huchagua uzito anaouweza leo na kuuongeza wiki ijayo. Tena maji hayana mshtuko wa kutua. Mwanamke aliyekwisha kuogopa kila kishindo hupata mahali pa kujaribu kuruka, kugeuka na kuinua mikono juu ya kichwa bila kulipa deni kubwa usiku.

Joto nalo lina kazi. Mabwawa ya tiba huwekwa nyuzi 32 hadi 34 za Selsiasi, wakati mabwawa ya mashindano ya kuogelea huwa nyuzi 25 hadi 28. Tofauti hiyo si ya anasa. Mgonjwa wa faibromialjia akiingia katika maji ya baridi hukaza mabega na shingo, na kipindi kizima hupotea katika kutetemeka.

Je, ushahidi unasemaje? Mwaka 2014 mtandao wa watafiti wa Cochrane ulichapisha mapitio ya majaribio 16 ya mazoezi ya majini kwa watu wenye faibromialjia. Washiriki walikuwa 881, na 866 kati yao walikuwa wanawake; kwa hiyo ni haki kusema kwamba huu ni ushahidi wa wanawake. Waliofanya mazoezi majini walipata nafuu kuliko wasiofanya. Katika kipimo cha alama 100, kukakamaa kwa mwili kulipungua kwa alama 18 na maumivu kwa alama 7. Katika jaribio la kutembea dakika 6, walikwenda mita 37 zaidi. Nguvu za misuli ziliongezeka. Hakukuripotiwa madhara makubwa.

Alama 7 katika 100 si nyingi, na si uungwana kumficha mgonjwa jambo hilo. Wachapishaji wa mapitio hayo wenyewe waliuita ushahidi wao kuwa wa ubora wa chini hadi wa kati. Mwanamke akiahidiwa kwamba bwawa litamwondolea maumivu, baada ya mwezi atajua amedanganywa, na safari hii hatarudi. Aambiwe yaliyo kweli: kwamba maumivu huenda yakapungua kidogo, kwamba ugumu wa asubuhi utapungua zaidi, kwamba atatembea mbali zaidi na kupanda daladala bila kushikwa mkono. Kwa mtu aliyeacha kufika msibani na harusini kwa kuogopa kusimama, mita 37 si kitu kidogo.

Kuna sehemu ya pili ya mapitio hayo ambayo wauzaji wa tiba za majini hawaitangazi. Majini yalipolinganishwa na nchi kavu, nafuu ilikuwa karibu sawa, na kwa nguvu za misuli nchi kavu ilielekea kushinda, ingawa ushahidi wa hapo ni dhaifu sana. Watafiti wa São Paulo, Brazili, walichapisha mwaka 2006 jaribio la wanawake 60 ambao hawakuwa na mazoea ya mazoezi. Nusu walikimbia katika maji ya kina kirefu, nusu wakafanya mazoezi nchi kavu, mara 3 kwa wiki kwa wiki 15. Makundi yote mawili yalipata nafuu ya maumivu. La majini lilizidi katika hali ya moyo na hisia. Huko Hispania, watafiti wa Extremadura waliwafanyisha mazoezi wanawake 34 waliogawanywa makundi mawili, moja likiingia katika maji vuguvugu ya kiunoni mara 3 kwa wiki kwa wiki 12. Maumivu yalipungua. Kisha mazoezi yakasimamishwa kwa wiki nyingine 12, na maumivu yakarudi karibu na pale yalipokuwa.

Matokeo hayo yakisomwa pamoja, hoja inakuwa moja. Kinachotibu ni mwendo unaoongezwa kidogo kidogo na usiokatishwa. Maji ni njia ya kuuanza kwa yule ambaye nchi kavu imemshinda. Mwenye shaka na atazame wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani, Unguja. Kilimo hicho kilianza kibiashara mwaka 1989, na wengi wa wanaokifanya ni wanawake. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa, hushinda saa nyingi ndani ya maji ya bahari yenye joto la kupendeza. Pamoja na hayo mgongo huwauma, kwa sababu wamo majini wameinama, wakifunga kamba na kubeba magunia yaliyolowa. Kulowa si tiba.

Kwa sababu hiyo kauli inayosikika katika vikao vya hospitali, kwamba tiba hii itaanza siku bwawa litakapojengwa, haikubaliki. Bwawa la tiba lina gharama ya kujenga, na kubwa zaidi ni gharama ya kupasha maji, kuyasafisha na kuyapima kila siku. Hospitali isiyo na maji ya uhakika wodini haiwezi kulibeba, na haitakiwi kulibeba. Lakini jiji kama Dar es Salaam lina mabwawa mengi katika hoteli, shule na vilabu, na asubuhi za siku za kazi aghalabu huwa hayana watu. Kukodi bwawa moja kwa saa moja, mara 2 kwa wiki, kwa kundi la wanawake 8 au 10 wanaochangia, pamoja na mtaalamu mmoja wa fiziotherapia na mwokozi mmoja, ni jambo linaloweza kupangwa na mkuu wa idara kwa barua na simu chache. Maji hayatakuwa na nyuzi 33. Kwa hali ya hewa ya Pwani, saa nne asubuhi, yatavumilika, mradi kundi lisisimame tuli.

Jambo linaloharibu mipango ya namna hii si fedha peke yake. Wanawake wengi wa Pwani hawakufundishwa kuogelea, wala hawatavua buibui mbele ya wanaume wasiowajua. Mtaalamu asiyeliuliza hilo mapema ataona kundi lake likiyeyuka wiki ya pili bila mtu kumwambia sababu. Huko Nungwi, Unguja, Mradi wa Panje uliwafundisha wasichana kuogelea na kujiokoa majini kwa kuwashonea mavazi ya kuogelea yanayofunika mwili wote, na kwa kuwaandaa wanawake kuwa wakufunzi. Wasichana walijifunza, na hakuna aliyelazimika kuchagua kati ya stara na maji. Kwa wagonjwa wa faibromialjia masharti ni yale yale: saa ya wanawake peke yao, mkufunzi mwanamke, mwokozi mwanamke akipatikana, na uzio au turubai inayozuia macho. Vazi liwe suruali na blauzi ya kubana ya kitambaa chepesi. Kanga na dera havifai. Vikilowa huwa vizito na huzingira miguu. Hata nywele zizungumzwe. Mwanamke aliyetoka kusukwa jana hatazitia katika maji ya klorini, na kuliko kusema hivyo atasema ana mgeni nyumbani. Kofia ya mpira na mazoezi yasiyozamisha kichwa yanatosha kuliondoa tatizo hilo.

Kwa wanaoishi karibu na bahari, kuna ambao huuliza kwa nini walipie bwawa. Swali ni la haki. Maji ya bahari katika mwambao huu huwa karibu nyuzi 25 au 26 mwezi Agosti, wakati wa kusi, na hupanda hadi 29 au 30 kuelekea Machi, mwisho wa kaskazi. Ni vuguvugu kuliko mabwawa mengi ya Ulaya yasiyopashwa. Lakini majaribio mengi yaliyotajwa yalifanyika mahali penye sakafu sawa, kina kinachojulikana na msimamizi kando. Baharini kina hubadilika: katika bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika takribani mita 4, na palipokuwa kiunoni saa tatu huwa juu ya kichwa saa sita. Basi siku za maji mafu ndizo zifaazo, katika ufuko wa mchanga usio na mwamba wala wanyama wa miiba, mahali palipokingwa na mawimbi. Waingie wawili wawili au zaidi, maji yasipite kiunoni, na mmoja abaki ufukoni akiwatazama. Wasiende karibu na midomo ya mito inayobeba taka za jiji, kama Msimbazi, hasa baada ya mvua. Kutembea ndani ya maji ya kiunoni sambamba na ufuko, dakika 10 kwenda na 10 kurudi, ni zoezi kamili kwa mwezi wa kwanza.

Ushauri huo usipelekwe bara bila kufikiri. Mhudumu wa Mwanza, Musoma au Kisumu asimwambie mgonjwa wake akatembee ziwani. Katika Ziwa Victoria kuna kichocho, na kumpa mtu mwenye maumivu sugu ugonjwa wa pili ili kumtibu wa kwanza si utabibu. Huko, na Dodoma, na popote ambapo hakuna bwawa salama, mgonjwa aanzie nchi kavu, na asihisi kwamba amepewa tiba ya daraja la pili. Aanze na dakika 5 za kutembea kwenye tambarare asubuhi, avae viatu vyenye soli laini, na afanye mazoezi ya kuinuka na kuketi kitini mara 5. Wiki inayofuata aongeze dakika 2. Ataona ni kidogo mno hata kuaibisha, na mumewe huenda akacheka. Lakini ni mwanzo ambao kesho yake hautamlaza kitandani.

Hicho ndicho kipimo cha kiasi, majini na nchi kavu: kesho yake. Misuli kuuma kidogo baada ya mazoezi mapya ni kawaida, na mgonjwa aambiwe mapema ili asiogope. Maumivu yakizidi yale ya kila siku na kudumu zaidi ya siku 1 au 2, kiasi kilikuwa kikubwa. Kipunguzwe nusu, kisiachwe kabisa. Wagonjwa wa faibromialjia wana tabia moja inayoeleweka: siku ya nafuu hufua nguo za nyumba nzima, na siku tatu zinazofuata hulipa. Kuwafundisha kugawa kazi katika siku njema ni sehemu ya tiba sawa na zoezi lenyewe.

Kwa upande wa majini, majaribio yaliyoleta matokeo kwa kawaida yalikuwa na vipindi 2 au 3 kwa wiki, dakika 30 hadi 60 kila kimoja, kwa muda wa miezi kadhaa. Kipindi cha kwanza kisizidi dakika 20. Kianze kwa kutembea mbele na kinyumenyume, kifuate mikono na mabega chini ya uso wa maji, kisha miguu, na kimalizike kwa kunyoosha viungo polepole. Wapo wasiopaswa kuingia mpaka waonwe na daktari: mwenye moyo ulioshindwa kazi, kwa sababu kuzama hadi shingoni husukuma zaidi ya nusu lita ya damu kuelekea kifuani, mwenye kifafa kisichodhibitiwa, mwenye kidonda wazi, homa au kuhara. Anayetumia dawa za shinikizo la damu, au amitriptilini, apande ngazi taratibu na aketi kidogo kabla ya kwenda kuvaa, kwani akitoka majini shinikizo laweza kushuka ghafla na kumwangusha.

Watasema wahudumu kwamba haya yote yanahitaji muda, na foleni ni ndefu. Foleni ni ndefu kweli. Lakini faili lile nene ni sehemu ya foleni hiyo. Mwanamke ambaye hajaambiwa jina la ugonjwa wake hurudi, hupimwa tena, huchomwa tena, huhamia hospitali nyingine na kuanza upya. Dakika 15 za kumweleza mara moja ni chache kuliko dakika 5 anazopewa mara 20, bila kuhesabu fedha alizouzia kuku na mbuzi kulipia kipimo cha taifodi cha kumi. Muuguzi aliyefundishwa vizuri anaweza kuzitoa dakika hizo, na pengine kwa lugha nzuri zaidi kuliko daktari.

Kinachotakiwa kuanza wiki hii katika kliniki yoyote ni karatasi moja. Cheti cha kumpeleka mgonjwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia kiandikwe jina la ugonjwa, si "maumivu ya mwili". Kitaje kama maji yanafaa kwa moyo na ngozi yake, na kama anaweza kufika bwawani au ataanzia nyumbani. Kitaje dakika za kuanzia, siku za wiki na muda wa wiki 12. Nakala abaki nayo mwenyewe, kwa Kiswahili, ili mumewe au mwanawe aisome. Na tarehe ya kurudi iwe baada ya wiki 3 au 4, isiwe baada ya miezi 6, kwa sababu ni katika wiki hizo za mwanzo, maumivu yakiwa bado hayajapungua na safari ya bwawani ikiwa bado ni taabu, ndipo wengi huacha.